Je, Wajua? Samaki wa Mwalimu yumo Ghuba ya Speke

Katika Ziwa Victoria kuna furu aitwaye Pundamilia nyererei; jina la nyererei alipewa mwaka 1985 kumuenzi Mwalimu Julius Nyerere. Anapatikana pia Ghuba ya Speke, inayogusa Mkoa wa Simiyu upande wa Busega.

Mtafiti Ole Seehausen wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, amewachunguza furu hawa tangu miaka ya 1990. Mwaka 2008 yeye na wenzake, akiwemo Mtanzania, walieleza katika jarida la Nature kwamba jeni moja ya jicho hutofautiana kufuata kina cha maji. Nyererei mwekundu hukaa chini zaidi na huiona vyema nuru nyekundu. Spishi ndugu yake, ya buluu, hukaa juu. Jike huchagua dume kwa rangi. Ajabu iliyoje! Lakini maji yakijaa tope, rangi hufifia na spishi hizo mbili huchanganyika. Mto Simiyu, unaokusanya maji ya Bariadi, Maswa na Meatu, humwaga udongo wa mashamba katika ghuba hiyo hiyo.

Mwaka 2014 jenomu ya nyererei ilichapishwa pamoja na ya sato, samaki anayefugwa vizimbani ziwani humo.