Sanaa ya Usukuma imo vitabuni, vitabu havimo Simiyu

Kitabu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvishika kuhusu michoro ya Wasukuma kilichapwa London mwaka 1953. Kinaitwa Wall-Paintings by Snake Charmers in Tanganyika. Mwandishi wake ni Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuja kuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni Tanganyika, na waliokichapa ni Faber and Faber, walewale waliokuwa wakichapa mashairi ya T. S. Eliot. Habari yake ni michoro ya Bayeye, chama cha wacheza nyoka, waliyoichora kwenye kuta za ndani za nyumba zao za mikutano: nyoka wanaojikunja ukuta mzima, watu, wanyama, viumbe wa hadithi. Hawakuichora ili mpita njia aione. Lilikuwa somo la wanachama, na mgeni hakuwa na ruhusa ya kuchungulia.

Haya, nenda mjini Bariadi ukakitafute. Kwenye maduka ya steshenari utaonyeshwa madaftari, vitabu vya kiada, mitihani ya nyuma ya darasa la saba na kidato cha nne, labda na vitabu vya dini. Wenye maduka siwalaumu, wanauza kinachotoka. Lakini mkoa huu wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, wenye watu zaidi ya milioni 2 kwa sensa ya 2022, umejaa watu wanaoishi kwa macho na mikono yao: waandika mabango, mafundi cherehani, wapiga picha za harusi, wachonga viti, walimu wa sanaa. Hawa wote sasa hivi wanachota mitindo kwenye simu, na simu huwaonyesha cha Lagos, Istanbul na Guangzhou kabla haijawaonyesha cha bibi yao wa Itilima.

Ndiyo maana nimeamua kupendekeza vitabu na majarida ambayo ningeyapanga kwenye rafu moja Bariadi, kama ningepewa rafu.

Cory angekaa wa kwanza. Jirani yake ningeweka kitabu kinene cha mwaka 1994, kilichotoka Ujerumani pamoja na maonyesho makubwa ya sanamu za Tanzania yaliyofanyika Berlin na Munich. Jina lake la Kijerumani ni refu, lakini jaladani lipo na la Kiswahili, Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika, na ndani Kiswahili kimekwenda sambamba na Kijerumani. Sijui vitabu vingine vingi vya sanaa vya Ulaya vilivyomheshimu msomaji wetu kiasi hicho. Halafu Shangaa, kilichohaririwa na Gary van Wyk kwa ajili ya maonyesho ya sanaa ya Tanzania yaliyofunguliwa New York mwaka 2013. Ukivifungua viwili hivi kwa pamoja utaona jinsi mpiga picha anavyoamua heshima ya kitu: sanamu ya ngoma ya Kisukuma, yenye mikono mirefu na mwili uliokwanguka kwa kuchezeshwa, imepewa ukurasa mzima na nafasi ya kupumua, kama vile wenzetu wanavyowapa watakatifu wao wa marumaru.

Kwa wanafunzi, Aimée na Mark Bessire waliandika kitabu chembamba kiitwacho Sukuma mwaka 1997. Ni chepesi kusomeka. Na kwa wale ambao sanaa kwao ni sauti kabla ya kuwa picha, yupo Frank Gunderson, ambaye mwaka 2010 alichapisha Leiden, kwa Brill, mkusanyo wa nyimbo za kazi za Usukumani zaidi ya 300: za kulima, za kuwinda, za safari za chumvi, za pamba. Maneno ya Kisukuma yamewekwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ni kazi ya kuvuliwa kofia, ila sura yake ni ya kitabu cha maktaba ya chuo, na bei yake ni ya mbuzi kadhaa mnadani. Wazee walioimba nyimbo hizo wasingeweza kukinunua. Hili linanikera kuliko ninavyoweza kulieleza kwa adabu.

Usitoke rafuni bila kupita Bujora. Basi la kutoka Bariadi kwenda Mwanza linashuka Lamadi, linashika barabara ya ziwa, linapita Magu, na kabla ya jiji linafika Kisesa. Hapo shuka. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, yapo mwendo mfupi kutoka barabara kuu. Jumba la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na ndani zimo ngoma zao. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu navyo vina jumba lao. Mtu anayesomea usanifu wa kurasa anaweza kukaa pale asubuhi nzima akijifunza namna umbo moja linavyobeba habari nzima bila maandishi. Ukishaona hayo, kitabu cha Cory kitakusomekea tofauti.

Sasa tuje kwenye vitabu vinavyopatikana kwa urahisi kidogo. Mwaka 1984 Jeannette Hanby na David Bygott, waliowahi kuwafuatilia simba wa Serengeti kwa miaka, walitoa kijitabu cha kanga kiitwacho Kangas: 101 Uses. Bygott anachora kwa wino mweusi, mstari mmoja mwepesi, na kila ufungaji unauelewa kwa kuutazama tu. Fundi cherehani wa Maswa hahitaji Kiingereza kukifuata. Kingine ni Street Level, michoro ya Sarah Markes ya majengo ya zamani ya Dar es Salaam, kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2011. Baadhi ya majengo ya aina hiyo yameshapisha maghorofa ya vioo, kwa hiyo kitabu kimegeuka kumbukumbu mapema. Ninakipendekeza Bariadi kwa sababu moja: mji huu unajengwa upya mbele ya macho yetu, na sijaona anayekaa na daftari akichora duka la zamani kabla bati halijang'olewa.

Na Sani, je? Wapo watakaocheka nikiliweka gazeti la katuni pamoja na vitabu vya makumbusho. Wacheke. Sani la miaka ya 1980, la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, ambamo Philip Ndunguru aliwapa uhai akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, ndilo jarida huru lililofundisha Watanzania wengi kuusoma mchoro. Karatasi ilikuwa duni, lakini mistari ilikuwa na uhakika, na nakala moja ilipita mikono ya mtaa mzima. Ukikuta matoleo ya zamani kwenye meza za vitabu vya mitumba Mwanza, usiulize bei mara mbili.

Kutoka nje ya nchi ningeagiza majarida mawili. Kwani? la Nairobi lilianza mwaka 2003 chini ya Binyavanga Wainaina, mwaka mmoja baada ya yeye kupata Tuzo ya Caine. Lilichanganya hadithi, picha, katuni na Sheng bila kuomba radhi, na toleo lake la 5, lililogawanywa sehemu mbili, lilishughulikia uchaguzi wa Desemba 2007 na machafuko yaliyoufuata. La pili ni Chimurenga la Cape Town, lililoanzishwa mwaka 2002 na Ntone Edjabe, mzaliwa wa Kameruni. Hili hubadilika umbo: leo kitabu, kesho gazeti la kurasa kubwa. Si rahisi kulisoma, na kuna kurasa ninazoziruka, lakini hakuna linaloonyesha vizuri zaidi kwamba umbo la jarida nalo ni hoja.

Namna ya kuvipata inajulikana. Unampigia muuza vitabu wa Dar, unalipa kwa simu, mzigo unapandishwa basi la jioni, nawe unaufuata stendi ukiwa na namba ya risiti. Kabla ya kulipa mwombe akutumie picha ya mgongo wa kitabu. Kilichoshonwa kwa uzi kinafunguka hadi kulala mezani. Kilichogundishwa tu, kwa joto la Meatu na kwa kufunguliwa na darasa zima, kitaanza kuachia kurasa kabla muhula haujaisha. Vile vya zamani kama cha Cory huwa ni vya kusoma maktaba. Nyaraka za Cory mwenyewe zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Lakini rafu ya kuagiza tu hainitoshi. Nataka na cha hapa. Mkoa uliotengeneza chaki zake Maswa na kusindika maziwa yake Meatu hauwezi kushindwa na karatasi. Chukua karatasi 8 za A4, zikunje katikati, una kurasa 32 za A5. Kumbuka tu hesabu ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Jalada liwe manila ya rangi moja, ndani wino mweusi, katikati pini mbili za stepla ya mkono mrefu. Chimurenga na Sani hayakusubiri mashine ya Ujerumani. Toleo la kwanza ningelijaza hivi: waandika mabango wa mjini na herufi zao, kila mmoja ukurasa wake; vibuyu na viti kutoka Itilima, vimepigwa picha kwenye ukuta mtupu wenye mwanga wa dirishani; mavazi ya Bagika na Bagalu wa leo, pamoja na miwani na filimbi zao; viwanda vya kuchambua pamba, nje na ndani. Maandishi yawe Kiswahili na Kisukuma. Liuzwe msimu wa pamba, fedha zikiwa mikononi mwa watu.

Tahadhari moja. Jarida linalotoka kwa vipindi linahitaji leseni ya Idara ya Habari, Maelezo, chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, na historia ya majarida huru ya Afrika Mashariki si ya kuchezea: Transition, lililoanzishwa Kampala mwaka 1961 na kijana Rajat Neogy, lilisimama baada ya mhariri wake kutiwa ndani mwaka 1968. Kwa kuanzia, kijitabu kimoja kinachojitegemea kina njia fupi zaidi. Namba ya ISBN inaombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na nakala zikishawekwa huko, kitabu cha Bariadi kitakuwa kwenye orodha ya taifa, herufi B, mahali ambapo mtafiti wa London au Leiden atalazimika kukiomba kwa jina.