Fahamu: Panga la kujilinda Lubumbashi, sheria inakuruhusu hadi wapi?

Katika komuni za Katuba, Kenya au Ruashi, panga nyuma ya mlango ni kinga dhidi ya wezi wa usiku. Lakini mipaka ipo.

Unaweza kwenda nalo kwenye maandamano?
Hapana. Kifungu cha 25 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinalinda mikutano ya amani isiyo na silaha. Hatari ya silaha mikusanyikoni imewahi kuonekana: tarehe 23 Machi 2013, wanamgambo wa Bakata Katanga, waliotaka Katanga ijitenge, waliingia Lubumbashi, wengi wakibeba mapanga, pinde na mishale; watu zaidi ya 30 walikufa.

Mwizi akikuvamia?
Kanuni ya adhabu ya Kongo haina kifungu kinachoeleza kujihami, ila mahakama hukubali haki hiyo kama msingi wa jumla wa sheria. Masharti: shambulio liwe lisilo halali, liwe linatokea wakati huohuo, na pigo lako lilingane na hatari.

Akishakimbia au kufungwa kamba?
Kujihami kumekwisha. Ukimpiga, kifungu cha 46 cha kanuni ya adhabu, kinachoadhibu kupiga na kujeruhi, kinakuhusu wewe. Akifa, adhabu inakuwa nzito zaidi. Piga kelele, ita majirani, kisha mkabidhini kwa polisi akiwa hai.