Dondakoo Lililohamia Mguuni

Wajukuu zangu, hebu nyoosheni miguu. Nani hapa hana kovu kwenye muundi? Ukikulia Ikungi au Mkalama, ukachunga mbuzi kwenye miiba ya migunga, mguu haukosi alama. Mwiba unachoma, inzi wanatua, vumbi la kiangazi linaingia, na mchubuko wa Jumatatu unageuka kidonda cha mwezi mzima. Vidonda vingi vya namna hiyo havina hadithi. Kimoja kinayo, na ndicho nitakachowasimulia.

Kuna ugonjwa uitwao dondakoo, uliowatisha wazazi wa zamani kupita kiasi. Koo linauma, homa inapanda, kisha utando wa kijivu unatanda kooni na kung'ang'ania, ukijaribu kuubandua damu inatoka. Shingo inavimba mpaka madaktari wakaiita shingo ya fahali. Mtoto anakabwa pumzi. Akiponea hapo, sumu ya ugonjwa inaweza kumfuata moyoni na kwenye mishipa ya fahamu.

Tanzania ilianza mpango wake wa taifa wa chanjo mwaka 1975, na tangu 2009 kinga ya dondakoo imo ndani ya chanjo iitwayo Penta, pamoja na za kifaduro, pepopunda, homa ya ini na Hib. Mlichomwa pajani mkiwa na wiki 6, 10 na 14. Mkalia, mama akabembeleza, muuguzi akaandika kwenye kadi. Ndiyo maana wauguzi wengi wa leo utando ule wanausoma vitabuni tu.

Basi dondakoo limekwisha? Subirini, hapa ndipo panaponoga.

Kinachoua kwenye dondakoo ni sumu anayoitengeneza bakteria. Na sumu yenyewe si mali yake! Maelekezo ya kuitengeneza ameletewa na kirusi kilichojificha ndani yake, jambo lililogunduliwa mwaka 1951. Bakteria asiye na kirusi hicho hana sumu hiyo. Sasa, miaka ya 1920 Mfaransa Gaston Ramon aliona kwamba sumu hiyo ukiitia formalini na kuiweka kwenye joto inapoteza makali, lakini mwili bado unaitambua. Chanjo ikapatikana hapo. Maana yake mwili wako umefundishwa kuidaka sumu, ila kumfukuza bakteria mwenyewe haukufundishwa. Ni swila aliyeng'olewa meno: kukuua hawezi, lakini kuingia ndani na kujikunja chini ya kitanda anaweza. Na kidonda cha mguuni ni mahali anapopapenda sana.

Jirani zetu waliliona hili mapema. Mwaka 1970, V. Bezjak na S. J. Farsey walichapisha katika jarida la Shirika la Afya Duniani uchunguzi wa vidonda vya ngozi vya watoto wa Uganda. Bakteria wa dondakoo walikuwemo. Dondakoo la kooni nalo lilikuwa adimu katika nchi nyingi za joto, na maelezo yanayokubalika ni kwamba kutoka kwenye ngozi sumu hupenya kidogo kidogo, hivyo mwili ukapata nafasi ya kujifunza kuipinga. Kidonda kilikuwa kinawachanja watoto bila kadi. Msinisikie vibaya: kidonda hicho hicho humwaga bakteria kwa wiki nyingi, kwenye shuka, kwenye vumbi, kwenye mikono, na jirani asiyechanjwa anaweza kuwapokea kooni.

Kwa macho, kumjua bakteria huyu ni shida. Kidonda chake hupenda miguu na mikono, huwa cha mviringo chenye kingo zilizosimama, pengine na utando wa kijivu ndani. Lakini mara nyingi huchanganyika na bakteria wengine wa usaha, na sura yake inapotea. Inabaki maabara. Kijiti chenye pamba kinazungushwa kidondani, kinapakwa kwenye sahani yenye kemikali ya teluraiti, na baada ya siku moja au mbili vinajitokeza vidoa vya kijivu na vyeusi. Bado hujajua kama wana sumu. Hapo kinaingia kipimo cha Elek cha mwaka 1949. Ukanda wa karatasi uliolowekwa kingasumu unalazwa kwenye sahani, bakteria wanapakwa kwa mstari unaoukata, na sumu inapokutana na kingasumu kinachoreka kistari cheupe. Mimi nakipenda kuliko mashine zote za sasa, maana jibu unaliona mwenyewe.

Ila mashine nazo zina sifa yake. Mwaka 2015, huko Ujerumani na Uswisi, dondakoo lenye sumu lilipatikana kwenye vidonda vya wakimbizi waliotoka Eritrea, Ethiopia, Somalia na Syria. Mwaka 2022 likaja wimbi kubwa zaidi: wagonjwa 362 katika nchi 10 za Ulaya, wengi wao vijana wa kiume, na zaidi ya robo tatu shida yao ilikuwa ngozini. Maabara za kule zina mashine zinazomtaja bakteria jina kwa dakika chache, kwa hiyo yule ambaye zamani angepuuzwa kama kijidudu cha kawaida cha ngozi, sasa anajulikana. Marekani wao waliacha kuhesabu dondakoo la ngozi mwaka 1980. Kati ya 2015 na 2018 wasafiri wanne wakarudi nalo, na mwaka 2019 likaingizwa tena kwenye hesabu.

Tuje kwetu. Tuseme mchunga mbuzi wa Iramba ana kidonda kinachokataa kupona. Amechanjwa, anakula, anacheza mpira. Zahanati ikichukua sampuli badala ya kufunga bandeji tu, na maabara ikakuta bakteria mwenye sumu, mkoa unapewa taarifa na kijana anaanza antibiotiki za siku 14. Kisha nyumba nzima inatembelewa: makoo yanapigwa pamba, kadi za kliniki zinatolewa sandukuni, kila mmoja anaangaliwa siku 10. Bibi ambaye hajui kama alichanjwa anachomwa. Kaka aliyekosa dozi ya tatu anamaliziwa. Halafu yupo mdogo wao mgongoni kwa mama, ana wiki tano, na sindano yake ya kwanza ni wiki ijayo.