Paka wa uani: Kumfikisha kwa daktari bila kuparurwa

Kwanza ni vishindo juu ya bati usiku. Kisha vichwa vya dagaa vinaanza kupotea nyuma ya jiko. Baada ya mwezi watoto wameshampa jina, na paka ambaye hakuna aliyemleta anahesabiwa kuwa wa nyumbani, ingawa hakuna aliyewahi kumgusa. Mlango ukilia tu, ameruka ukuta.

Siku anapoonekana anachechemea, au jicho limejaa usaha, ndipo wazazi wanapogundua kuwa wana mgonjwa asiyeshikika.

Wengi huanza kwa kumkimbiza. Baba ameshika taulo, dada wa kazi gunia, watoto wanapiga kelele. Paka anapenya katikati ya miguu yao wote na kupotea siku tatu. Akirudi, ameshajua kwamba watu wa nyumba hii ni wa kuogopwa, na kumpata tena ni kazi maradufu.

Kama ugonjwa si wa dharura, kazi hii ni ya wiki 2 au 3. Inaanza na kitu cha kumbebea. Si lazima liwe sanduku la plastiki la dukani. Tenga la kuku lenye fito zilizobanana na mfuniko imara linatosha. Gunia halifai hata kidogo: paka anakosa hewa na anauma kupitia kitambaani. Boksi la karatasi nalo hulowa mkojo, likachanika njiani.

Tenga linalazwa ubavu pale anapozoea kula, mfuniko ukiwa umefungwa kamba upande mmoja ili ufanye kazi ya mlango. Chakula kinawekwa karibu nalo, saa ile ile, na mtu yule yule. Kila baada ya siku chache kinasogezwa, mpaka kifike ndani kabisa. Akishazoea kuingia na kula bila kugeuka nyuma, mfuniko unasogezwa kidogo na kurudishwa, siku hadi siku. Siku ya safari unasukumwa kwa ubao mara moja, unafungwa, na tenga linafunikwa kanga. Giza humtuliza. Kumchungulia na kumwambia "pole nyau" ni kumwongezea hofu tu, hata kama roho inauma.

Daktari wa mifugo apigiwe simu mapema na aambiwe ukweli: paka huyu hashikiki. Atajiandaa kwa dawa ya usingizi, na ataeleza paka akae na njaa kwa muda gani kabla ya kuipata. Wengine wana mtego wa waya wa kuazima. Bajaji ni afadhali kuliko bodaboda, na kwenye foleni tenga liwekwe juu ya benchi, mbali na mbwa.

Jambo zito zaidi ni watoto. Kichaa cha mbwa kimepewa jina la mbwa, lakini paka naye hukipata na kukiambukiza. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona karibu hakupo. Chanjo ikiwahi, inazuia. Mtoto akiumwa au kuparurwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Watoto huficha mikwaruzo wakiogopa fimbo. Waambiwe mapema kwamba kwa hili hawatachapwa. Siku ya kumkamata, kazi yao ni kukaa chumbani kimya.

Kuna hali zisizosubiri wiki 3: dume anayejikunja kukojoa na mkojo hautoki, paka anayehema mdomo wazi, au aliyekaa siku 2 bila kula. Hapo daktari apigiwe simu mara moja. Akibidi kukamatwa nyumbani, afanye mtu mzima, kwa blanketi zito. Asipewe parasetamoli kabisa. Kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Akiwa usingizini kwa daktari, yafanywe yote yanayowezekana: chanjo, dawa ya minyoo, na kuhasiwa. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, hubeba kwa takriban wiki 9, na anaweza kupata nyingine angali ananyonyesha. Madaktari wengi hukata ncha ndogo ya sikio la paka wa namna hii akiwa amelala, ili ajulikane kwa mbali kwamba ameshahasiwa, asikamatwe tena bure.

Usiku huo alale stoo au bafuni, mlango umefungwa, mpaka miguu iache kuyumba. Asubuhi akifunguliwa huenda akatoweka siku nzima. Chakula kiwekwe pale pale, saa ile ile, na tenga lisirudishwe kwa kuku: chanjo ya kichaa hurudiwa kwa tarehe atakayoandika daktari.