Ceska nyumbani: yale wenye bastola huambizana, na yale sheria inayotaka

Jina Ceska limezoeleka sana nchini hivi kwamba wakazi wengi hulitumia kwa bastola yoyote ile, kama vile watu wanavyoita kila sabuni ya unga Omo. Polisi wakinasa silaha au afisa akiporwa yake, taarifa ya jioni mara nyingi huwa na jina hilo. Lakini Ceska haziko mikononi mwa polisi na wahalifu pekee. Baadhi ya wakulima, wafanyabiashara na wataalamu wa Uasin Gishu wanazimiliki kihalali, na wanapokutana wao kwa wao huzungumza kuhusu bastola zao jinsi wengine wanavyozungumza kuhusu trekta au gari: ipi nzito, ipi haisumbui, ipi imewahi kumtia mwenyewe mashakani.

Mengi wanayoambizana yanahusu usalama wa nyumba nzima, si wao peke yao. Ndiyo sababu yanafaa kujulikana hata na asiye na bunduki.

Jina lenyewe limetokana na Česká zbrojovka, maana yake kiwanda cha silaha cha Czech. Kiwanda hicho kiko mji wa Uherský Brod na kilianzishwa mwaka wa 1936. Bastola iliyokipa sifa duniani ni CZ 75, iliyobuniwa na ndugu wawili, Josef na František Koucký, na kutolewa mwaka wa 1975. Hutumia risasi za milimita 9, na kasha lake la risasi, yaani magazini, hubeba 15 au 16 kutegemea toleo. Bastola ya Jericho kutoka Israeli, jina jingine linalosikika sana katika taarifa za polisi wa Kenya, iliundwa kwa kufuata mtindo huohuo wa CZ 75. Mtu aliyezoea moja huishika nyingine bila ugeni mkubwa.

Sifa ambayo wenye Ceska huitaja kwanza ni utulivu. Fremu ni ya chuma, uzito wake hukaribia kilo moja kabla ya risasi kuwekwa, na uzito huo huifanya isiruke sana mkononi inapofyatuliwa. Uzito huohuo ndio lalama yao ya kwanza: kuibeba kiunoni kutwa nzima, ukipanda na kushuka matatu au ukikagua ng'ombe shambani, huchosha, na chini ya shati jepesi huonekana. Lalama ya pili ni sehemu ya juu ya bastola, ile inayovutwa nyuma ili kuingiza risasi. Kwenye CZ 75 sehemu hiyo imekaa ndani ya fremu badala ya kuifunika, hivyo pa kushikia ni padogo. Kwa mikono yenye jasho, au asubuhi ya Julai Eldoret vidole vikiwa vimekufa ganzi, kuivuta huhitaji nguvu na uangalifu.

Jambo la tatu ni zito kuliko hayo mawili, na kwa bahati mbaya ndilo hujadiliwa kidogo. CZ 75 ya kawaida ina nyundo nyuma na kitufe cha kufunga ubavuni, lakini haina kitufe cha kuishusha nyundo hiyo ikishainuka. Risasi ikiwa tayari imo chemba, yaani pale nyuma ya mtutu, mwenye bastola anayetaka kuirudisha nyundo chini hulazimika kuishika kwa kidole gumba huku akivuta kifyatulio. Kidole kikiteleza, risasi inatoka. Matoleo mengine, kama CZ 75 BD na P-07, yana kitufe cha kuishusha nyundo bila kugusa kifyatulio. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kusema wana Ceska, kila mmoja akawa na chombo kinachotaka mazoea tofauti. Anayeazima mazoea ya mwenzake bila kuangalia maandishi yaliyo ubavuni mwa bastola yake anajitafutia balaa. Wanaohama kutoka Ceska kwenda Glock, au kinyume chake, wanalijua hilo vizuri zaidi: Glock ya kawaida haina kitufe cha kufunga ubavuni wala nyundo inayoonekana, na kidole kilichozoea moja hukosea kwa nyingine.

Kuna kosa moja lisilochagua jina la kiwanda. Mtu huchomoa magazini, akaamini bastola ni tupu, akaiweka mezani au akampa mwenzake aishike. Risasi moja bado imo chemba, na hiyo moja inatosha. Utaratibu wa wakufunzi ni uleule kila mahali: elekeza mtutu pasipo na mtu, kidole kikae nje ya kifyatulio, chomoa magazini kwanza, kisha vuta sehemu ya juu nyuma, uangalie ndani ya chemba kwa macho na kupapasa kwa kidole. Anayebadilisha mpangilio huo, akavuta kwanza na kuchomoa magazini baadaye, anakuwa ameingiza risasi nyingine chemba kwa mkono wake mwenyewe.

Wakazi kadha wa kadha hufikiri leseni ya bunduki hupatikana katika ofisi za kaunti, pamoja na ile ya biashara. La. Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, iliacha masuala ya polisi na usalama kwa serikali ya kitaifa, na bunduki za raia husimamiwa na Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Hakuna karani, diwani wala msimamizi wa wadi anayeweza kukuharakishia cheti. Anayedai kuwa anaweza, na kuomba chochote ili afanye hivyo, ni tapeli.

Mwombaji hueleza kwa nini anahitaji silaha, huchunguzwa rekodi yake ya jinai, na kamati za usalama za eneo anakoishi huulizwa maoni. Kumiliki bunduki si haki ya kila raia nchini Kenya. Ni ruhusa, na ruhusa hiyo inaweza kufutwa. Wenye leseni walilisikia hilo waziwazi Desemba 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Fred Matiang'i, alipoamuru raia wote wenye bunduki wakaguliwe upya katika muda wa siku 90. Waliokuwa na vyeti vya miaka mingi walipanga foleni pamoja na waliovipata juzi.

Cheti chenyewe hutaja aina ya silaha, nambari yake, na kiasi cha risasi ambacho mwenyewe anaruhusiwa kununua na kuwa nacho kwa wakati mmoja. Hudumu mwaka mmoja, kisha huhuishwa. Hapa Eldoret tuna kiwanda cha risasi cha Shirika la Kenya Ordnance Factories, kilichoanza mwaka wa 1997, na bado kuna wanaodhani kwamba kuishi karibu nacho kunarahisisha mambo. Kiwanda hicho kiko chini ya Wizara ya Ulinzi. Raia hununua risasi kwa muuzaji aliyeidhinishwa, akionyesha cheti.

Kwa kuwa cheti ni cha mtu mmoja, bastola nayo ni ya mtu huyo mmoja. Haiachiwi mlinzi wa lango usiku. Haiazimwi shemeji anayesafiri kwenda Lodwar. Haifichwi chini ya kiti cha gari huku mwenyewe akiingia harusini. Sheria inamtaka aiweke mahali salama wakati wote, na kwa nyumba yenye watoto hiyo ina maana ya sefu ya chuma iliyofungwa ukutani au sakafuni, ufunguo usijulikane na mwingine, na risasi zikae kando. Juu ya kabati si mahali salama. Mtoto wa miaka sita hupanda juu ya kiti. Vilevile ni kosa kulewa au kuzua fujo ukiwa umebeba silaha, hata kama hukufyatua risasi.

Ikipotea au kuibwa, ripoti kituo cha polisi kilicho karibu bila kuchelewa, ukiwa na nambari ya silaha. Wengine huona haya na kusubiri, wakitumaini itapatikana kimyakimya. Wakati huo bastola inaweza kutumika katika wizi Langas au Kapseret, na nambari yake ikafuatiliwa hadi kwa mwenye cheti ambaye hakusema lolote.

Hali inayotatiza familia nyingi, hasa mashambani Moiben, Soy na Ainabkoi, ni kifo. Mzee alikuwa na bastola au bunduki kwa miaka mingi. Baada ya mazishi, mjane au kitinda mimba anaikuta kwenye sanduku. Silaha hiyo hairithiwi kama shamba. Aliye nayo bila cheti anavunja sheria, hata kama ilikuwa halali kwa marehemu. Asiishike kuijaribu, wala asiibebe kwenye mfuko ndani ya matatu. Njia iliyo salama ni kufunga chumba, kupiga simu kituoni au kumwendea chifu, na kuomba maafisa waje kuichukua nyumbani. Cheti cha marehemu kikipatikana wapewe pamoja nayo, na familia iandikiwe kwenye kitabu cha matukio kituoni na kupewa nambari ya taarifa hiyo. Mrithi anayeitaka atalazimika kuomba cheti chake mwenyewe kuanzia mwanzo.

Silaha haramu ni habari nyingine. Zinazosalimishwa au kunaswa hatimaye huharibiwa. Huko Ngong zaidi ya 5,000 zilichomwa moto hadharani Novemba 2016, na nyingine zaidi ya 5,000 Juni 2021. Kwa kaunti inayopakana na Elgeyo Marakwet, na ambayo watu wake wana jamaa na mifugo ng'ambo ya mpaka, kila bunduki inayotoweka njiani ina uzito.

Kaunti haina mamlaka juu ya leseni, lakini ina sikio. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ilianzisha Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, inayoongozwa na gavana au waziri wa kaunti aliyemteua, ambapo wakazi wanaweza kuwasilisha wasiwasi wao kuhusu usalama wa mtaa. Msimamizi wa wadi anaweza kupokea barua ya wakazi na kuifikisha. Kwa dharura piga 999 au 112. Mwenye habari kuhusu silaha haramu anaweza kupigia DCI bila malipo kwa nambari 0800 722 203, na halazimiki kutaja jina lake.