Mnada wa WhatsApp: Tuone Salio Kwanza

Akina mama, wiki hii tulikaa na mwenzetu wa hapa Bambu aliyepoteza mashini yake ya kushonea. Aliweka picha kwenye mnada wa WhatsApp. Mtu mmoja akapandisha bei mpaka dola 150 bila kuuliza hata kama inashona vizuri. Hapo tungeshtuka. Ikaingia meseji: "Umepokea dola 150." Motari alikuwa tayari mlangoni na pikipiki yake, anasema mnunuzi wa Bunia ana haraka. Mama akamkabidhi. Jioni, kwa wakala, salio lilikuwa lile lile la asubuhi.

Meseji ile ilitoka kwenye namba ya kawaida. Yeyote anaweza kuandika maneno yale. Hata ikija na jina la M-Pesa, tupige *1122# tuone salio letu wenyewe, ndipo kitu kitoke nyumbani. Motari asubiri, tumpe hata chai.

Wengine husema wametuma pesa zaidi, turudishe dola 20. Ujanja ni ule ule. Na kupokea pesa hakuhitaji namba ya siri. Anayeiomba ni mwizi.

Mwenzetu sasa anashona kwa mashini ya jirani, siku ambazo jirani yuko shambani.