Msokoto wa Chesisi katika Njia ya Kasomeno

Mtu akitoka Lubumbashi akaishika njia ya kaskazini-mashariki hufika Kasomeno, mahali inapoachana njia ya Pweto na ile ya Kasenga iliyo kando ya mto Luapula. Na kwa kuwa serikali za Kongo na Zambia zimekubaliana ijengwe barabara itokayo hapo ikavuke Luapula kwa daraja hadi Mwenda, kijiji hiki kinatazamiwa kuwa mlango wa shaba iendayo bandari ya Dar es Salaam. Habari za lami na daraja zimekwisha kusemwa na wengi. Mimi nataraji kueleza jambo lisilotazamwa, nalo ni chesisi, yaani ile fremu ya chuma inayobeba lori zima.

Lori lililosheheni likizamisha gurudumu la mbele la kulia katika shimo, hali lile la mbele la kushoto limepanda tuta, ncha ya mbele ya fremu huinamia upande mmoja na ya nyuma hubaki sawa, nayo fremu ikasokoteka. Ukakamavu wake ni kadiri ya nguvu ya kuisokota inayohitajika ili ipinduke digrii moja.

Chesisi ni boriti mbili ndefu, aghalabu zenye umbo la mfereji, zilizoungwa kwa boriti fupi za kukingama. Umbo hilo lililo wazi lina siri kubwa: bomba la chuma lenye nusu-kipenyo cha milimita 50 na unene wa milimita 5, likipasuliwa ufa mmoja tu kwa urefu wake wote, hupoteza ukakamavu wa msokoto takriban mara 300, ingawa chuma ni kilekile na uzito haukupungua.

Kwa kuwa fremu nzima, pamoja na viungo na matundu yake, haihesabiki kwa kanuni moja, wahandisi huigawa ndani ya kompyuta katika maelfu ya vipande vidogo vinavyokutana kwenye nukta, kila kipande na hesabu yake nyepesi, kisha milinganyo yote hufumbuliwa kwa pamoja. Njia hii ilipata nguvu mwaka 1956, Turner, Clough, Martin na Topp walipotoa makala juu ya miundo ya ndege. Na Clough ndiye aliyeipa jina mwaka 1960.

Tuchukue mfano. Ncha ya nyuma imefungwa imara. Mbele, boriti moja inasukumwa juu na ya pili chini, kila moja kwa nguvu ya nyutoni 1,000, nazo zimeachana milimita 800. Kila moja ikisogea milimita 4, fremu imepinduka digrii 0.57 kwa nguvu ya nyutoni-mita 800, hivyo ukakamavu wake ni kama nyutoni-mita 1,400 kwa digrii.

Je, kuzidi kwa ukakamavu ndiko ubora? Kwa gari la mashindano, naam. Lori la njia mbovu lahitaji kulegea kwa kiasi, ili magurudumu yote yashike ardhi. Ndiyo maana nahuzunika nionapo chesisi imechomelewa vibamba vinene pasipo hesabu: pale kibamba kinapokoma ghafla, msokoto wote hukusanyika katika sehemu iliyobaki laini, na ufa huanzia hapo. Mhandisi hukitia kibamba katika hesabu kwanza, akatazama mkazo umehamia wapi, kisha akazichonga ncha zake ziwe nyembamba polepole.